GIMP 3.0 kwenye bango la filamu ya kutisha: mtihani ni weusi

Bango la filamu ya kutisha ni karatasi nyeusi yenye kitu kidogo kinachoonekana: nusu ya uso, mlango ulioachwa wazi, kiganja juu ya kioo. Ndiyo maana programu ya kulitengenezea haifai kupimwa kwa wingi wa brashi au mapambo yake. Swali ni moja: ukiipa giza, inalifikisha kwenye karatasi likiwa na kina, au linafika limegeuka kijivu, limejaa mistari, limemeza kila kilichokuwa ndani yake? Hapa tunaiangalia GIMP 3.0 kwa jicho hilo, na kwa kazi ya aina moja tu: bango la filamu fupi ya wanafunzi, linalochapwa kwa ukubwa wa A3 au A2 na kusambazwa pia kwenye simu.

GIMP ni programu huria ya kuhariri picha. Ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis. Toleo la 3.0 lilitoka Machi 2025, karibu miaka saba baada ya 2.10. Ni bure kwenye Windows, macOS na Linux, na kwa kikundi cha wanafunzi jambo hilo ni kubwa: mwongozaji, mpigapicha na anayetengeneza bango wote wanafungua faili lilelile la XCF, umbizo la GIMP lenyewe, na hakuna malipo ya mwezi yanayokatika wiki moja kabla ya onyesho.

Hukumu yetu ni hii. Kwenye picha na rangi, 3.0 ni hodari na imeliacha mbali toleo lililotangulia. Kwenye herufi inajikongoja. Kwenye faili la kumpelekea mchapaji, isiachwe peke yake. Anayetaka bango kamili aweke pia Inkscape kwa ajili ya jina la filamu, na Scribus kwa ajili ya kufunga faili la mwisho. Zote mbili ni huria na za bure.

Picha kabla ya programu

Kosa linaloharibu mabango mengi ya wanafunzi hutokea kabla GIMP haijafunguliwa: picha inatolewa kwenye video. Piga hesabu. Fremu ya video ya 1080p ina pikseli 1920 kwa 1080. Bango limesimama, video imelala, kwa hiyo unachopata ni kipande chenye kimo cha pikseli 1080. A3 ina kimo cha milimita 420, yaani inchi 16.5. Ukigawanya unapata pikseli 65 kwa inchi, ilhali bango linalosomwa kwa karibu linataka 300, na 200 ni pa kuvumilia. Hata fremu ya 4K, yenye kimo cha pikseli 2160, inaishia 131. Isitoshe, kamera inayorekodi fremu 24 kwa sekunde kwa kawaida huacha shata wazi kwa takribani 1/48 ya sekunde. Kasi hiyo inaufanya mwendo uonekane laini kwenye video, lakini ukisimamisha fremu moja unakuta ukungu. Halafu video hubanwa, na ubanaji hula kwanza sehemu za giza. Inua vivuli kidogo tu ndani ya GIMP na utaona miraba imejitokeza ukutani, mahali ulipodhani pana weusi safi. Hakuna filta ya kuponya hilo.

Basi tengeni dakika ishirini siku ya kurekodi, mwigizaji akiwa bado na vipodozi na mavazi yake, mpigeni picha za mnato za bango. Kamera iwe juu ya miguu mitatu, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) kati ya 100 na 400, faili liwe RAW, yaani data ghafi ya kamera. GIMP haisomi RAW yenyewe: huikabidhi kwa programu za kufungulia RAW, darktable au RawTherapee, kwa hiyo moja ya hizo lazima iwe imewekwa kwenye kompyuta, la sivyo utaambiwa faili halifunguki na utadhani limeharibika.

Mwanga uwe mmoja, mkali, wa pembeni au wa chini. Nyuma ya mwigizaji tundikeni kitambaa cheusi kisichong'aa, na msimweke karibu nacho. Mwanga hupungua kwa mraba wa umbali: taa ikiwa mita 1 kutoka usoni na kitambaa kikiwa mita 3 kutoka kwenye taa hiyo, kitambaa kinapokea sehemu moja ya tisa tu ya mwanga unaofika usoni. Weusi huo wa kamera ni mzuri kuliko wowote utakaopakwa baadaye kwa brashi, kwa sababu kingo za nywele na mabega zinazama gizani zenyewe. Picha ikipigwa hivi, kazi ya kukata mtu kutoka kwenye mandhari inakufa kabisa, na hiyo ndiyo kazi inayokula saa nyingi kuliko zote.

Ikiwa mmeshampiga mbele ya ukuta mweupe, GIMP ina njia mbili za kumtoa. Kifaa cha kuchagua kilicho mbele hufanya vizuri kwenye nywele, na kifaa cha njia (Paths) hufanya vizuri kwenye kingo ngumu kama bega, kisu au fremu ya mlango. Tatizo litakalokukuta ni uzi mweupe unaomzunguka mtu pindi anapowekwa juu ya nyeusi. Usiufute kwa kifutio. Weka maski (kifuniko kinachoficha sehemu bila kuifuta) kwenye leya, yaani tabaka la picha, punguza ukingo wa uteuzi kwa pikseli 1 au 2, kisha ulainishe kwa ukungu wa pikseli 0.5 hadi 1. Uzi ukibaki kwenye nywele, paka nyeusi juu yake kwa brashi laini kwenye leya mpya iliyowekwa modi ya Multiply, inayotia giza kilicho chini yake, ukiwa umepunguza uzito wa leya (Opacity) hadi asilimia 30 au 40.

Turubai, biti na kumbukumbu ya kompyuta

A3 kwa pikseli 300 kwa inchi ni 3508 kwa 4961. Usianze na hiyo. Mchapaji hukata karatasi baada ya kuchapa, na kisu hakitui mahali palepale kila mara, kwa hiyo picha inapaswa kupita ukingo kwa milimita 3 kila upande. Turubai sahihi ni milimita 303 kwa 426, sawa na pikseli 3579 kwa 5031. Kwenye bango jeupe, kosa la kisu halionekani. Kwenye bango jeusi, uzi mweupe wa nusu milimita pembeni unaonekana kutoka upande wa pili wa chumba. Maandishi nayo yakae ndani, angalau milimita 10 kutoka mahali pa kukatia.

Bango la kawaida la ukumbi wa sinema lina inchi 27 kwa 40, umbo lililo jembamba kidogo kuliko karatasi za A. Kama tamasha litaomba ukubwa huo, acheni giza la ziada juu na chini ya picha tangu mwanzo, ili kubadili umbo kusikate paji la uso wala jina.

Sasa kuhusu biti, sehemu ambayo GIMP inastahili sifa na ambayo wengi hawaigusi. Faili jipya hufunguka likiwa la biti 8 kwa kila chaneli, yaani ngazi 256 kutoka nyeusi hadi nyeupe. Kwa picha ya mchana ngazi hizo zinatosha. Kwa bango la kutisha, ambapo ukuta mzima unatoka nyeusi kabisa kwenda kijivu cha chini, pengine unatumia ngazi 25 tu zilizotandazwa juu ya pikseli elfu mbili. Kila ngazi inakuwa mkanda wenye upana wa pikseli 80, na jicho linaiona mikanda hiyo kama pete za maji. Badilisha usahihi wa picha uwe biti 16, nambari kamili, kwa mpangilio wa kimwonekano (Perceptual). Mpangilio wa mstari nyooka (Linear) hutoa ngazi chache kwa vivuli, kwa hiyo ukitumia huo nenda moja kwa moja kwenye biti 32 za desimali. Fanya hivyo kabla ya kufifisha chochote, kwani mikanda ikishaumbika haiondoki kwa kuongeza biti.

Gharama yake ni kumbukumbu. Leya moja ya A3 kwa biti 16 inachukua takribani megabaiti 139, na kwa biti 32 maradufu ya hapo. Leya kumi zinakaribia gigabaiti 1.4 kabla ya historia ya kutendua. Kwenye kompyuta ya RAM ya gigabaiti 8 kazi inakwenda, ilimradi kivinjari kimefungwa. Bango la inchi 27 kwa 40 kwa pikseli 300 lina megabaiti 778 kwa kila leya, na hapo kompyuta ndogo itapiga magoti. Lifanyie kazi kwa 150, yaani pikseli 4050 kwa 6000. Bango la ukubwa huo huangaliwa kwa mbali na halitaonyesha upungufu.

Filta zisizoharibu picha

Hii ndiyo sababu kubwa ya kutumia 3.0 badala ya 2.10. Zamani ukiweka ukungu au kubadili mwangaza, picha ilibadilika moja kwa moja, na ukigundua siku ya tatu kwamba giza limezidi unaanza upya. Sasa filta inakaa juu ya leya kama nguo: unaizima, unaiwasha, unabadili vipimo vyake, unahamisha mpangilio wake. Alama ndogo ya fx kwenye orodha ya leya ndiyo mlango. Ukiweka leya kadhaa ndani ya kundi moja na kuliwekea filta kundi hilo, zote zinapokea. Kwa njia hii uso, ukuta na moshi vinapewa rangi moja, na bango linaacha kuonekana kama vipande vilivyobandikwa.

Mpangilio unaofaa kwa giza ni huu. Kwanza Curves, filta ya kubadili mwangaza kwa kupinda mstari: shusha sehemu ya katikati, lakini acha mwisho wa chini wa mstari uinuke kidogo, ili weusi uanze karibu na 10 au 12 kati ya 255 badala ya sifuri. Pili, punguza ukolezi wa rangi, kisha sukuma vivuli kuelekea kijani au buluu kidogo sana. Ngozi yenye kijani kidogo kwenye vivuli inaonekana kuugua, na mtazamaji huihisi kabla hajajua kwa nini. Tatu, kufifisha pembe, na hapa hatupendekezi filta ya kufifisha pembe iliyo tayari. Inatoa yai lenye ulinganifu katikati ya bango, na jicho huligundua mara moja. Fungua leya ya nyeusi yenye maski, paka maski kwa brashi kubwa laini ya pikseli 1500 hivi, na uache giza liingie upande mmoja zaidi ya mwingine. Giza la kweli lina upande linakotokea.

Mwisho kabisa, chembechembe. Tengeneza leya juu ya zote, ijaze kijivu cha 808080, iweke modi ya Overlay, ambayo kijivu hicho hakibadilishi picha, kisha iwekee filta ya chembe za RGB huku ukizima chaguo la chaneli huru, ili chembe ziwe za kijivu na zisiwe za rangirangi. Ilainishe kwa ukungu wa pikseli 0.6, kwani chembe yenye upana wa pikseli moja kwa 300 kwa inchi hupotea kwenye karatasi. Punguza uzito wa leya (Opacity) mpaka usizione ukiwa umbali wa mkono. Kazi yake siyo kuipa picha uzee tu. Zinavunja mikanda iliyobaki, na zinaunganisha picha zilizopigwa kwa kamera tofauti. Chembe zikiwekwa kabla ya ukungu mkubwa wa picha hazina kazi, ukungu huo utazifuta.

Kasoro zipo. Filta zikizidi nne au tano juu ya leya ya A3, kila mguso wa brashi unachelewa. Zizime unapopaka, uziwashe unapokagua. Vipimo vya filta ni vya pikseli, kwa hiyo ukungu uliopendeza kwenye rasimu ndogo hautakuwa uleule kwenye turubai kubwa: anza kwa ukubwa wa mwisho. Na programu-jalizi nyingi zilizoandikwa kwa ajili ya 2.10 hazifanyi kazi ndani ya 3.0, kwa kuwa njia ya kuziunganisha imebadilika. Kama una jalizi unayoitegemea, hakikisha ina toleo jipya kabla ya kuhama katikati ya kazi.

Bango likiwa la kuchorwa kwa mkono na si la picha, chagua Krita. Brashi zake ni bora, na inafanya kazi moja kwa moja ndani ya CMYK, yaani rangi nne za wino wa mchapaji: sayani, majenta, njano na nyeusi.

Jina la filamu

Kifaa cha maandishi cha 3.0 kimepata kitu kizuri: herufi sasa zinaweza kuwa na mstari wa nje bila kupoteza uwezo wa kuhaririwa. Lakini kurekebisha nafasi kati ya herufi na herufi kunafanyika kwenye kisanduku kidogo kinachoelea juu ya maandishi, na kwa jina la herufi saba zenye kimo cha sentimita 5, kila pengo linahitaji kuguswa kwa mkono. Herufi A ikifuata V au T huacha shimo. Toleo la 3.0 halina vifaa vya maumbo ya vekta (mistari inayokuzwa bila kupoteza ukali) vya kutosha kuchonga herufi. Nenda Inkscape: andika jina, sogeza herufi kwa Alt na mishale, ligeuze liwe njia, kisha vuta nukta chache. Kuchafua ukingo kidogo kwenye herufi moja au mbili kunatosha.

Kuhusu fonti tuna msimamo. Herufi zinazochuruzika damu, kama Nosifer, au zenye miiba ya katuni, kama Creepster, zinamwambia mtazamaji kwamba hii ni sherehe. Zote mbili zimeundwa vizuri na ni huria, ila zinafaa filamu ya kuchekesha yenye mizimwi. Hofu hukaa vizuri ndani ya herufi tulivu. IM Fell, fonti zilizofufuliwa na Igino Marini kutokana na chapa za kale za Uingereza, zina kingo zilizochakaa kwa wino, na ukizikuza unaona kama zimechapwa na mtu aliyekufa zamani. Zipo kwa leseni ya SIL Open Font, inayoruhusu kuchapa na kuuza. Fonti nyingi za kutisha zinazopakuliwa ovyo zimeandikwa kuwa ni za matumizi binafsi tu. Filamu ikikubaliwa kwenye tamasha au ikiuzwa, bango linakuwa na tatizo la haki ambalo halitatuliki bila kulibuni jina upya. Soma faili la leseni kabla ya kuipenda fonti kwa sura.

Jina likiwa na ng', usiache alama iliyosimama wima ya kibodi. Weka ile iliyopinda, na kama fonti haina, iazime kwenye fonti jirani uikuze ilingane. Kwenye herufi za sentimita 5, kijiti hicho kinaonekana kama mkwaruzo wa bahati mbaya.

Fungu la majina la chini lina mantiki yake. Katika filamu za biashara, mikataba hufunga kimo cha majina kwenye kimo cha jina la filamu, ndiyo maana wabunifu wakatumia herufi ndefu zilizobanwa: kimo kinatimia, nafasi inabaki. Wanafunzi hawana mkataba huo, lakini mtazamaji ameuzoea umbo hilo na bila yake bango linaonekana tangazo la mhadhara. League Gothic na Oswald ni huria na zinafaa. Bebas Neue pia, ila ni ya herufi kubwa pekee. Majina yawe na kimo cha milimita 3 hadi 4 kwenye A3, na maneno ya kazi, mwongozaji, mtayarishaji, mhariri, sauti, yawe nusu ya hapo. Mstari usipitie juu ya uso wala mkono, na usiweke zaidi ya mistari minne.

Nyekundu, nyeusi na mchapaji

Rangi nyekundu ya skrini, FF0000, haipo kwenye wino wa rangi nne. Ikigeuzwa inakuwa mchanganyiko wa majenta na njano, na unayoiona kama damu inayong'aa inatoka kama tofali. GIMP inakuonyesha hili mapema: mwombe mchapaji profaili ya rangi ya mashine na karatasi yake, yaani faili linaloeleza rangi zinavyotoka hapo, iweke kama profaili ya kuigiza uchapaji, kisha washa onyesho la rangi za uchapaji. Rangi zitakazofifia utaziona hapohapo. Kazi hii GIMP inaifanya vizuri na hakuna kisingizio cha kuiruka. Damu iliyokolea, yenye kahawia ndani, huvuka salama kuliko ile inayowaka.

Usiandike maneno madogo kwa nyekundu iliyokolea juu ya nyeusi. Nyekundu ya 8B0000 ina uwiano wa mwangaza wa 2.1 kwa 1 dhidi ya nyeusi, wakati WCAG, miongozo ya kusomeka kwa kurasa za wavuti, inataka 4.5 kwa maandishi ya kawaida. Hata FF0000 inafika 5.25 tu, na hiyo tumeshasema haichapiki. Nyekundu ibaki kwenye jina kubwa, majina madogo yawe kijivu cheupe.

Halafu weusi wenyewe. Wino mweusi peke yake, asilimia 100, ukitandazwa juu ya eneo kubwa unatoka kijivu kizito. Mashine huhitaji rangi nyingine chini yake. Mchanganyiko wa kuanzia ni sayani 60, majenta 40, njano 40, nyeusi 100, jumla 240. Karatasi laini iliyopakwa mara nyingi huvumilia jumla ya 300 hivi, isiyopakwa hupungukiwa na hapo, na ukizidisha wino haukauki: bango linaacha alama mgongoni mwa bango lililo juu yake. Mchapaji ndiye mwenye jibu la mwisho kuhusu kikomo chake.

Hapa ndipo GIMP inapokwama. Haina modi ya CMYK ya kufanyia kazi. Toleo la 3.0 linaweza kutoa mafaili ya picha ya TIFF au JPEG ya CMYK kwa kutumia ile profaili, na kwa picha inatosha. Lakini ubadilishaji unafanywa wote kwa mkupuo, huwezi kuiambia kwamba mstari huu mwembamba uwe wino mweusi pekee na ukuta ule uwe rangi nne. Maandishi yaliyo ndani ya picha hugeuka pikseli zenye wino kadhaa, na rangi zisipoangukiana barabara kingo zake zinatoa vivuli vya buluu na waridi. Kwa hiyo toa picha bila herufi yoyote, kwa TIFF. Ndani ya Scribus fungua ukurasa wa A3 wenye ziada ya milimita 3, weka TIFF, leta jina kutoka Inkscape kama SVG, faili la vekta, andika fungu la majina hapohapo likiwa vekta, kisha toa PDF/X-3, aina ya PDF ya wachapaji, yenye fonti ndani yake. Maandishi meupe juu ya weusi wa rangi nne yasiwe na vijiti vyembamba, kwa maana wino ukitambaa kidogo vinazibika.

Bango lililochapwa karibu daima hutoka jeusi kuliko lilivyokuwa kwenye skrini, kwa sababu skrini inatoa mwanga na karatasi inaupokea tu. Shusha mwangaza wa skrini hadi karatasi nyeupe iliyo pembeni yake ilingane nayo, ndipo ukague. Umbo lolote unalotaka lionekane gizani, kama jicho la pili au vidole nyuma ya pazia, lisiwe chini ya 25 kati ya 255. Kisha usimwamini yeyote, sisi tukiwemo: kata kipande kimoja cha bango chenye uso na giza, kiweke mara nne kwenye karatasi ya A4 bila kukipunguza ukubwa, kila kimoja kikiwa na Curves iliyoinuliwa zaidi kidogo, ukiandike namba, na kichapwe kwenye mashine na karatasi ileile ya bango. Karatasi hiyo moja inamaliza ubishi wote.

Karatasi ya kung'aa hutoa weusi wa kina lakini hurudisha taa za ukumbini. Isiyong'aa husomeka kila upande, ila weusi wake hupauka kidogo, hivyo chagua kabla ya kuchapa kipande cha majaribio. Bango likunjwe kama bomba, lisikunjwe kama barua, kwani wino mzito hupasuka kwenye mkunjo na kuacha mstari mweupe.

Nakala ya simu

Watu wengi watalionea bango kwenye simu, na GIMP inaimaliza kazi hii peke yake. Rudi kwenye XCF, weka leya ya jina na majina kama picha juu yake, punguza hadi pikseli 1000 kwa takribani 1400 kwa sRGB, rangi za kawaida za skrini. Kumbuka kwamba GIMP hutenganisha kuhifadhi na kutoa: Ctrl na S hutunza XCF tu, na JPEG hupatikana kwa amri ya kutoa. Ubora uwe 90 au zaidi. Kwenye chaguo za ziada za JPEG kuna mpangilio wa kupunguza sampuli za rangi: chagua 4:4:4. Ukiacha 4:2:0, rangi inahifadhiwa kwa robo ya pikseli, na jina jekundu juu ya weusi linapata kingo zenye matope hata ubora ukiwa 100. Kama mtandao unakokwenda utaibana picha tena, toa PNG ili ubanaji uwe mmoja badala ya miwili. Kisha ipunguze kwenye skrini hadi kimo cha pikseli 200. Jina likisomeka na umbo moja likibaki, itume. Vikipotea vyote viwili, ongeza jina kwa robo na uondoe kitu kimoja kwenye picha, kwa kawaida ni moshi.